Mashine za kuchomelea zinagawiwa, macho ya vijana atayalipa nani?

Wiki tatu zilizopita nilikuwa kwenye uwanja wa shule moja huku Kilifi, katika hafla ya kukabidhi vijana vifaa vya kazi. Mambo yalikwenda kama tulivyozoea. Mahema mawili, spika zinazopasua masikio, viti vya plastiki, na mbele ya meza kuu mashine za kuchomelea zimepangwa zikiwa bado ndani ya maboksi. Mheshimiwa akahutubu kuhusu ajira. Vikundi vikaitwa kimoja kimoja, kila kikundi kikabeba boksi lake, picha zikapigwa. Kufikia alasiri picha zile zilikuwa zimeenea kwenye kila grupu la WhatsApp nililomo.

Uchaguzi wa 2027 unakaribia na hafla hizi zitazidi. Leo itakuwa kaunti, kesho mbunge na fedha za CDF, keshokutwa mtu anayetaka kiti ambaye bado hata hajasema anakitaka kiti gani. Cherehani, pasi, mashine za kunyolea, na kila mara mashine za kuchomelea vyuma, kwa sababu zinapendeza kwenye picha na kila mtu anajua kwamba fundi wa mageti hakosi kazi.

Mimi kazi hii niliifanya miaka kumi na minne kabla ya mgongo kunitoa. Basi baada ya hotuba nilizunguka nyuma ya hema, nikaomba kikundi kimoja kinifungulie boksi. Mlikuwa na mashine ndogo ya inverta, kishikio cha rodi na waya wake, klampu ya ethi, kinyundo chenye brashi upande mmoja, na ngao ya plastiki ya kushika kwa mkono. Basi. Glavu hamna, aproni hamna, hata rodi za kujaribia hamna. Ubavuni imeandikwa kwamba inafanya kazi ya rodi na ya TIG. Lakini tochi ya TIG haikuwemo, wala regyuleta, wala mtungi wa gesi.

"Ami, hii ni ampea mia tatu," kijana mmoja akaniambia, uso unameremeta.

Nikamuuliza ataichomeka wapi. Akasema nyumbani, kwenye soketi ya sebuleni, avute waya mpaka nje.

Sikutaka kumharibia siku. Lakini jambo hilo limenikaa kifuani tangu wakati ule, na nimeona niliandike, kwa sababu hao wanaogawa mashine wanahesabu mashine walizotoa. Sijaona popote anayehesabu waliobaki na kazi mwaka mmoja baadaye, sembuse walioumia.

Tuanze na hiyo soketi ya sebuleni. Plagi yetu ya pini tatu ina fyuzi ya ampea 13. Kwa volti 240, hizo ni wati 3,120. Sasa chukua rodi ya milimita 3.2, ambayo ndiyo hutumika kwa geti lenye chuma kinene. Inataka ampea kama 120, na mwako wake unakaa kwenye volti 25 hivi. Zidisha, unapata wati 3,000 pale kwenye ncha ya rodi peke yake. Ongeza umeme unaopotea ndani ya mashine kama joto, na tayari umepita uwezo wa plagi. Fyuzi itakatika. Na fundi wetu fyuzi ikikatika hufanya nini? Anafunga kipande cha waya mahali pake. Kuanzia hapo kinachoyeyuka ni waya uliomo ukutani, ndani ya nyumba ambamo mama na watoto wamelala.

Ile ampea mia tatu iliyoandikwa ubavuni msiichukue sana. Mashine nyingi ndogo hazifiki nambari iliyobandikwa, na zinazofika haziwezi kukaa hapo. Kuna kibao kidogo nyuma kinachoonyesha asilimia: ikiandikwa asilimia 60, maana yake ni dakika sita za kuchoma katika kila dakika kumi, zilizobaki mashine ipumzike. Kwa fundi wa madirisha rodi ya milimita 2.5 kwenye ampea 70 hadi 90 inamtosha siku nzima, na hata plagi inaweza kustahimili kazi hiyo kwa vipindi. Akitaka zaidi aitiwe fundi wa stima mwenye leseni, amvutie laini yake kutoka kwenye meini swichi, waya mnene, swichi yake ya kukata, na ile swichi inayojizima stima inapovuja. Laini hiyo ina gharama, najua. Ingewekwa kwenye bajeti ya msaada.

Stima ya sambaza sitaizungumzia sana. Kila mtu anajua zile nyaya zinazopita juu ya mapaa ya mabati. Kuunganisha mashine ya kuchomelea kwenye laini isiyo na ethi wala fyuzi ni kujichimbia.

Hapa Pwani lipo jambo ambalo mwenzetu wa Nairobi halimkabili kwa ukali huu, nalo ni jasho. Mashine ya rodi ikiwa imewashwa lakini huchomi, kwenye kishikio huwa na volti 60 mpaka 80. Mafundi wengi hudharau umeme huo, wanakwambia haumwui mtu. Ngozi kavu ina ukaidi wake, ni kweli. Lakini saa saba mchana mwezi wa Februari, shati limelowa chapa, glavu moja imetoboka, umekaa juu ya chuma kile kile kilichoshikwa na klampu ya ethi, na unabadilisha rodi kwa mkono mtupu. Hapo umeme una njia nyeupe kupitia kifuani mwako. Glavu kavu jozi mbili, moja ikilowa unaanika unavaa nyingine. Kipande cha ubao au mpira chini ya miguu. Viatu vya ngozi, si ndara. Na ikiwa unanunua mashine mwenyewe, uliza kama ina kile kifaa cha kupunguza volti wakati haichomi. Ziko zenye nacho.

Klampu ya ethi nayo ifungwe kwenye chuma unachokichoma, karibu na pale unapochoma, na pasiwe na kutu wala rangi. Nimeona klampu imeshikizwa kwenye nondo ya nguzo ya nyumba mita kumi mbali. Umeme huo unatafuta njia yake ya kurudi, na utapita popote. Ukichomelea fremu ya tuktuk, toa nyaya za betri kwanza, la sivyo utamlipa mwenye tuktuk vifaa vyake.

Sasa macho. Aliyewahi kupigwa na mwako hahitaji kuelezwa. Kwa msomaji ambaye hajawahi: mchana huhisi kitu. Unakwenda nyumbani, unakula, unalala. Saa nane za usiku unaamka kama mtu amekumwagia mchanga wa Nyali ndani ya macho yote mawili. Machozi yanatiririka, taa huwezi kuitazama. Ni miale ya mwako iliyounguza ngozi ya mbele ya jicho, na maumivu huja saa sita hata kumi na mbili baadaye, ndiyo maana mtu haunganishi kosa na adhabu. Mimi usiku wangu wa kwanza mama alinifunga vipande vya kiazi mbichi. Kiazi ni baridi, kinaliwaza, hakitibu. Wengine hutumia majani ya chai, na wengine mambo ambayo siwezi kuyaandika hapa. Mara nyingi jicho hupona lenyewe kwa siku moja au mbili ukilipumzisha gizani, lakini maumivu yakizidi hapo, au kuona kukififia, au chembe ya grinda ikiwa imeingia, ni hospitali.

Ile ngao ya plastiki ya kushika mkononi ina taabu yake. Inakula mkono mmoja, na fundi anahitaji mikono miwili: mmoja wa kishikio, mmoja wa kushikilia chuma kisihame. Kwa hiyo baada ya siku mbili ngao inatupwa pembeni, fundi anafumba macho na kugeuza uso kila anapogusisha rodi, au anavaa miwani ya jua kutoka Mwembe Tayari. Miwani ya jua haifai kitu hapa. Kioo cha kuchomelea kwa rodi na kwa TIG katika kazi zetu za kawaida ni namba 10 au 11, na namba hiyo huwa imeandikwa kwenye kioo chenyewe. Kioo kisicho na namba usikiamini. Maski ya kuvaa kichwani ndiyo iliyostahili kuwa ndani ya boksi lile.

Na kuna macho ambayo hata hayamo kwenye hesabu. Mabanda yetu yako kando ya barabara. Watoto wakitoka madrasa husimama kuangalia ule mwanga wa buluu, hasa magharibi giza likiingia, na hakuna anayewafukuza. Turubai kuukuu au mabati mawili yanatosha kuziba upande wa njia. Hilo halihitaji mfadhili.

Moshi ni suala ambalo sisi wa zamani tulilichekea. Mwaka 2017 shirika la utafiti wa saratani lililo chini ya Shirika la Afya Duniani liliuweka moshi wa kuchomelea katika kundi la kwanza, yaani vitu vilivyothibitishwa kusababisha saratani kwa binadamu. Kundi hilo hilo ndilo lenye moshi wa sigara. Chuma cha stenlesi ndicho kibaya zaidi kwa sababu ya kromu iliyomo. Mabomba yaliyopakwa zinki yana ugonjwa wake: jioni unapata homa, baridi, mwili unauma kama malaria, na wengi hupewa dawa za malaria kumbe ni zinki. Mafundi hunywa maziwa wakiamini yanaosha. Kunywa maziwa ukipenda, lakini kwanza saga ile zinki kwa grinda, ukivaa maski ya vumbi, kisha simama upande unaotoka upepo.

Drumu. Nitasema kwa ufupi kwa sababu hata leo sipendi kulizungumza. Nilipokuwa kijana Changamwe, mwenzangu tuliyelala chumba kimoja aliletewa drumu lililokuwa na dizeli akalizibe tundu. Lilikuwa tupu, alilitikisa mwenyewe. Drumu tupu lina mvuke, na mvuke ndio unaolipuka. Tulimzika siku ya pili.

Nije kwenye TIG, kwa sababu hapo ndipo penye pesa, na ndipo vijana wanapodanganywa zaidi.

Pwani hii chumvi inakula chuma. Geti la chuma cheusi la ufuoni halikai miaka mingi kabla ya kutoboka. Ndiyo maana hoteli za Diani, Nyali na Watamu zinataka reli za ngazi za stenlesi, majiko ya stenlesi, na wenye boti wanataka vipande ambavyo havitaoza. Kazi hizo hutaka TIG: mwako mdogo unaotoka kwenye sindano ya tungsteni isiyoyeyuka, gesi ya argoni ikiufunika, na fundi analisha waya kwa mkono wa pili. Weldi inatoka safi kama imechorwa. Kijana anayeijua vizuri halali njaa. Tena kampuni za mabomba na viwanda vya mafuta huko Ghuba huwapima mafundi hivyo hivyo: bomba limefungwa kwa pembe ya digrii 45, mzizi wa weldi kwa TIG, kisha kujaza kwa rodi. Yaani mashine ya kazi mbili, ikitumiwa sawasawa, inaweza kumfundisha kijana wa Kaloleni mtihani utakaompa mshahara wa Abu Dhabi.

Lakini sawasawa yenyewe ndiyo haipo. Kosa la kwanza, ambalo nimeliona katika mabanda matatu tofauti mwaka huu, ni nyaya. Kwa rodi nyingi kishikio hukaa kwenye tundu la kujumlisha na ethi kwenye la kutoa. Ukihamia TIG lazima ugeuze: tochi kwenye kutoa, ethi kwenye kujumlisha. Sehemu kubwa ya joto huenda upande wa kujumlisha, na unataka joto liende kwenye kazi. Usipogeuza, tungsteni inafura ncha kama pipi ya kijiti, inadondokea ndani ya weldi, na kijana anasema mashine ni mbovu.

La pili ni gesi. Ni argoni tupu. Kuna fundi aliniambia anatumia ile ya kuzimia moto kwa kuwa ni rahisi kupata. Ile inaunguza tungsteni mara moja. Lita nane mpaka kumi kwa dakika zinatosha, ukifungua zaidi unazua kizunguzungu cha hewa na kupoteza pesa. Na kusi ikivuma, hakuna kiasi cha gesi kitakachokusaidia kwenye banda lililo wazi. Upepo unapeperusha argoni yote na weldi inatoka na vitundu kama sponji. Wanaofanya TIG ufuoni hujifungia kwa turubai. Ila wasijifungie kabisa. Argoni ni nzito kuliko hewa, haina harufu wala rangi, inajaa chini kama maji. Ukiwa ndani ya tumbo la boti au ndani ya tangi, inaisukuma hewa nje, na mtu analala bila kujua analala. Asiingie mtu peke yake mahali kama hapo, na mwenzake abaki nje akimwona.

Mtungi wenyewe una msukumo wa zaidi ya mara mia moja ya hewa tunayopumua. Juzi nimeupishana mmoja Mtwapa, umelazwa kwenye tuktuk bila kofia ya kulinda valvu, ukigonga huku na huku. Valvu ikivunjika, ule si mtungi tena, ni kombora. Usimame wima, ufungwe mnyororo ukutani.

La tatu: alumini. Vijana wale waliambiwa jukwaani kwamba mashine hii itachomelea mpaka alumini. Haitachomelea. Alumini kwa TIG hutaka umeme wa kwenda na kurudi ili kuvunja lile gamba gumu la juu, na mashine ndogo za kazi mbili karibu zote hutoa umeme wa njia moja tu. Aliyeyasema yale kwenye kipaza sauti hakuuliza.

Tungsteni yenye alama nyekundu, ambayo ndiyo hupatikana kirahisi, ina thoriamu, na thoriamu ina mionzi. Ukiishika si hatari, ila vumbi lake wakati wa kuinoa usilivute. Yenye alama ya buluu au dhahabu inafanya kazi ile ile bila wasiwasi huo. Inolewe kwa urefu, mikwaruzo ielekee kwenye ncha, na jiwe la kunolea liwe lake peke yake.

Rodi pia zina hila ya Pwani. Zile za 6013 zinastahimili, lakini za 7018, za kazi za nguvu kama trela na mihimili, hunyonya unyevu wa hewa yetu, na unyevu huo unapasua weldi kutoka ndani baada ya kazi kuisha, wakati umeshalipwa na umeshaondoka. Pakiti ikifunguliwa iwekwe kwenye mkebe unaoziba, na zilizolowa zikaushwe kwenye tanuri la joto la digrii mia tatu na zaidi. Kuzianika juani hakusaidii.

Yote haya hayaingii kwenye hotuba ya dakika kumi. Yanaingia kwenye mafunzo ya wiki kadhaa, na mahali pa kuyatolea papo. Katiba ya 2010 iliwapa magavana vyuo vya ufundi vya vijijini. Vingi vina karakana, vina walimu, na vingine vina mashine zilizofunikwa vumbi kwa kukosa rodi. Mamlaka ya NITA inapima mafundi kwa daraja tatu, hata yule ambaye hakukanyaga darasa, na cheti hicho ndicho mwajiri atakachouliza. Mashine zikipitia chuoni, kijana akaikabidhiwa yake siku ya kufaulu daraja la tatu, picha bado itapigwa. Mheshimiwa hatapoteza kitu isipokuwa miezi michache, na nadhani hapo ndipo ugumu ulipo.

Sheria nayo ipo. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 inahusu kila mahali ambapo mtu anafanya kazi, hata banda la makuti, na inamtaka mwajiri atoe vifaa vya kujikinga. Sheria ya fidia ya mwaka huo huo inamlinda mwajiriwa aliyeumia. Yule kijana anayekushikilia chuma kwa mia tatu kwa siku ni mwajiriwa wako, mwandikiane msiandikiane. Lakini fundi aliyejiajiri mwenyewe, ambaye ndiye anayepewa mashine hizi, akipofuka hana wa kumfidia. Serikali inayomwambia ajiajiri inajua hivyo.

Wapo watakaosema nataka kuwazibia vijana riziki. Mimi nimelea watoto wanne kwa rodi. Nataka boksi lijae, basi: maski ya kichwani, glavu jozi mbili, aproni ya ngozi, pakiti ya rodi, fedha za laini ya stima, na nafasi ya chuoni. Kwa fedha zile zile mashine zingepungua. Zikipungua kutoka ishirini hadi kumi na mbili, waheshimiwa watasema hazitoshi kwenye picha.

Jumamosi iliyopita nilimpitia yule kijana wa ampea mia tatu. Ametundika mashine chini ya mwembe, waya unatoka dirishani, na plagi imeanza kugeuka rangi ya kahawia. Nilimwachia maski yangu ya zamani na glavu moja nzima. Hafla nyingine imetangazwa mwisho wa mwezi huu, wadi jirani. Nimeandika barua kuomba orodha ya vitakavyokuwa ndani ya maboksi kabla hayajafika uwanjani. Ikijibiwa nitaichapisha hapa hapa.